Saa Moja ya Kompyuta na Mashairi ya Miaka Elfu

Swali langu leo ni hili: mtu ambaye bado hajalipa kodi ya nyumba, ni haki kumsaidia asome mashairi ya kale ya Waingereza? Najua wengine watacheka. Lakini kituoni kwetu swali hili limewagawanya watu wazima kwa wiki tatu nzima, na nimeona afadhali niliweke kwenye karatasi ili wasomaji wa jarida letu, walioko hapa Kampala na walioko Nakivale, Kyangwali na Kyaka, watusaidie kulifikiri. Na ndugu zetu wa mashirika, nyinyi pia mlisome hadi mwisho, maana mara nyingi nyinyi ndio mnatengeneza fomu.

Jambo lenyewe liko hivi. Kituo chetu cha vijana, upande wa Nsambya, kina kompyuta sita. Intaneti inalipiwa na wafadhili, na mwezi ukifika katikati inaanza kujivuta. Kuna daftari la kujiandikisha: kila kijana ana saa moja, na mbele ya jina lake anaandika kazi iliyomleta. Wengi wanaandika kutafuta kazi, CV, fomu za masomo, kozi. Mwezi wa pili dada mmoja wa miaka kumi na tisa, Mkongomani kama mimi, aliandika: "Mashairi ya zamani ya Waingereza." Mwenzangu wa zamu akamwomba akae pembeni kwanza, wenye shida ya kweli wapite. Dada akanifuata akasema, "Yaya, na mimi ile njo shida yangu ya kweli."

Dada huyu anauza vitenge pamoja na mama yake, wanazunguka navyo mjini tangu asubuhi. Sekondari ameimaliza hapa hapa. Mwalimu mmoja aliwahi kuwaambia darasani kwamba kuna shairi la Kiingereza lenye miaka kama elfu moja, la mtu aliyepoteza watu wake wote akabaki anatangatanga juu ya bahari ya baridi. Basi, ni hilo tu. Hana mtihani, hakuna cheti, hakuna chuo kilichomwambia alisome. Anataka kulisoma, na amesikia kwamba limo bure kwenye intaneti.

Njaa kwanza?

Hoja ya mwenzangu ni nzito, na simcheki. Anasema: kompyuta ni sita, vijana ni wengi. Saa unayompa huyu umeinyima mwingine, labda yule ambaye leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi. Dada akishona miezi sita atakuwa fundi. Akisoma mashairi miezi sita atakuwa na nini? Kampala hatupewi mgao wa chakula kama makambini. Hapa kila mtu anajitafutia. Kwa hiyo, anasema, huruma ya kweli ni kumpeleka mtu kwenye kitu kitakacholeta sahani mezani.

Nimeigeuza hoja hii huku na huku, na naona ina sehemu mbili ambazo tunazichanganya. Ya kwanza inasema wenye dharura watangulie. Hiyo naikubali bila kubishana. Mtu mwenye miadi kesho au fomu inayofungwa leo usiku, apite mbele hata kama sisi wengine tumepanga mstari tangu saa mbili. Ya pili inasema kwamba haja ya dada siyo haja. Hapo ndipo ninaposimama. Nani amepewa kazi ya kupima haja za mtu mwingine, na anapima kwa kipimo gani?

Ajabu ni kwamba swali hili limo ndani ya mashairi yenyewe anayoyatafuta. Katika karne ya 14 Mwingereza anayeitwa William Langland alitunga shairi refu sana, *Piers Plowman*. Ndani yake kuna mkulima, Piers, anayetaka kila mtu afanye kazi shambani. Wako wanaojifanya vipofu na viwete ili wasilime. Piers anamwita Njaa, ambaye humo ni mtu kabisa, ana mikono. Njaa anawakamata kwa matumbo, na mara wale viwete wanapona, wanashika majembe. Halafu Piers anaanza kuona huruma. Anamuuliza Njaa afanye nini na watu hawa, maana pamoja na uvivu wao bado ni ndugu zake. Njaa anamjibu kwa mahesabu: wenye nguvu wape mkate wa mbwa na wa farasi, wazuie kwa maharage, walioumizwa na mikosi ya dunia uwasaidie.

Msomaji wa kambini atalitambua jambo hili mara moja. Tangu mwaka 2023 mgao makambini hapa Uganda unatolewa kwa makundi: wanaohesabiwa kuwa wahitaji zaidi wanapata zaidi, wengine wanapata kidogo, na wengine wametolewa kabisa kwa sababu wanahesabiwa kuwa wanajitegemea. Sisemi kwamba anayepanga makundi hayo ni mtu mbaya. Chakula kikipungua lazima mtu apange. Nasema tu kwamba Langland aliligombania jambo hili zaidi ya miaka 600 iliyopita, na hata yeye hakulimaliza. Aliyelisoma shairi hilo, akikaa tena mbele ya meza ya fomu, anajua kwamba ile fomu imetengenezwa na watu wanaobahatisha kama Piers, haikushuka kutoka mbinguni. Anaweza kuuliza swali kwa heshima bila kuona haya.

Lakini hapo lazima nijihadhari. Nikisema "mashairi yana faida, yanamfundisha mtu kuuliza maswali", tayari nimeshakubali kwamba mkimbizi asome kitu cha faida tu. Mimi sikubali. Angalieni wale vijana wanaoandika "kutafuta kazi" kwenye daftari. Robo saa ya mwisho wengi wanatazama mabao ya ligi ya Uingereza, na hakuna anayewauliza, wala asiwaulize. Mtoto wa Kololo akikaa na kompyuta ya baba yake hakuna daftari linalomuuliza amekuja kufanya nini. Moja ya maumivu ya umaskini, ambayo hayaandikwi kwenye ripoti, ni kwamba kila dakika yako inakaguliwa na mtu mwingine. Tukigawana saa sawa, basi saa ya mtu ni yake. Haki yetu sisi wa kituo ni kugawa saa bila upendeleo. Kazi ya kuamua saa hiyo inakwenda wapi ni ya mwenye saa.

Jinsi tulivyotafuta

Nilikaa naye. Naeleza hatua zenyewe kwa sababu najua msomaji mmoja au wawili watataka kufanya hivyo hivyo, na kwa sababu ndani ya kutafuta ndimo nilimojifunza jibu la swali langu.

Kwanza ni jina. Ukiandika "mashairi ya zamani ya Kiingereza" kwenye intaneti unaletewa nyimbo za mapenzi na kadi za siku ya kuzaliwa. Lazima ujue kwamba wenyewe wanagawa mara mbili. Kuna Kiingereza cha Kale, takriban hadi mwaka 1100, ndicho cha *Beowulf* na cha yule mtu wa baharini. Halafu kuna Kiingereza cha Kati, takriban hadi 1500, ndicho cha Geoffrey Chaucer na cha Langland. Lile shairi la mtu wa baharini linaitwa *The Wanderer*. Jina hilo limetoka kwa wasomi wa nyakati za karibuni, maana kwenye kitabu chenyewe halina jina. Lina mistari 115 tu. Dada alishangaa: alikuwa amejitayarisha kwa kitabu kizima, kumbe ni kurasa chache.

Pili ni gharama, hasa kwa mtu anayetumia simu yake na MB zake mwenyewe. Maandishi matupu ni mepesi mno. *Beowulf* nzima, mistari zaidi ya 3,000, ikiwa maandishi tu haifiki MB moja. Picha za kurasa ndizo nzito, na video ndizo zinazokula kila kitu. Kwa hiyo siku ya kuwa na intaneti unashusha maandishi, unayahifadhi kwenye simu, unayasoma nyumbani hata umeme ukikatika. Project Gutenberg na Internet Archive wana vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha, na unavichukua bila kulipa wala kuiba. Shairi lenyewe halina mwenyewe tena, ila tafsiri mpya ina mwenyewe, na huyo naye anakula kwa jasho lake.

Tatu ni kamusi. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na hapa ndipo sisi tulipopata nguvu. Chuo Kikuu cha Michigan kimeweka kamusi nzima ya Kiingereza cha Kati wazi kwa kila mtu. Kwa Kiingereza cha Kale kuna kamusi inayoitwa Bosworth-Toller, ambayo iko bure chini ya Chuo Kikuu cha Charles cha kule Prague. Chuo Kikuu cha Rochester kina mashairi mengi ya Kiingereza cha Kati, na maneno magumu yameelezwa hapo hapo pembeni. Harvard wameweka Chaucer mstari kwa mstari, chini ya kila mstari kuna Kiingereza cha leo.

Tukafungua *The Wanderer* kwa lugha yake. Herufi ya kwanza iliyotushinda ni þ, ambayo haimo kwenye kibodi yoyote ya hapa kituoni. Inasomwa kama "th". Baada ya hapo tukaenda neno moja, neno moja, kama watoto wa darasa la kwanza. Vina vyao havikai mwishoni kama vyetu. Wanaunganisha mstari kwa sauti za mwanzo wa maneno, na katikati ya mstari kuna pengo, kama mtu anayevuta pumzi. Sisi tuliozoea mizani na vina vya mwisho tuliona kama ngoma ya kabila lingine: mwanzoni huisikii, halafu mguu unaanza kuifuata wenyewe.

Kilichonigusa ni hiki. Mwingereza wa leo, aliyezaliwa London na kulelewa huko, naye hakielewi Kiingereza hicho. Naye anahitaji kamusi ile ile ya Prague. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Uganda niliona mlango wa Kiingereza ambao mwenyeji na mgeni wanausukuma kwa nguvu sawa. Kwenye Kiingereza cha ofisini huyu dada anachekwa kwa matamshi yake. Kwenye kile cha miaka elfu hakuna wa kumcheka.

Neno la mkimbizi

Ndani ya kamusi hiyo tulikuta neno *wræcca*. Maana yake ni mtu aliyefukuzwa kwao, asiye na bwana wala ukoo wa kumlinda. Ni sisi kabisa. Neno hilo liliendelea kuishi ndani ya Kiingereza, likabadilika kidogo kidogo, mpaka leo limekuwa *wretch*, yaani mtu duni, mnyonge wa kuhurumiwa au wa kudharauliwa. Nikaendelea kutafuta. Kijerumani nacho kina neno la shina hilo hilo, *Recke*, na kwao maana yake ni shujaa. Ni shina moja la neno, na mtu mmoja aliyetolewa kwao. Kwa jirani mmoja akageuka kuwa takataka, kwa mwingine akageuka kuwa mtu wa kuimbwa.

Dada aliyaandika maneno yote mawili ubaoni, bila kusema kitu, akaenda zake kuuza vitenge. Jioni ile vijana waliokuja kwa ajili ya CV walibishana mbele ya ubao huo zaidi ya saa moja. Mmoja alisema mkimbizi ni shujaa kwa sababu amevuka. Mwingine, ambaye huwa haongei sana, akasema yeye hakuvuka kwa ushujaa, alivuka kwa woga, na hataki kuitwa shujaa na mtu yeyote kwa sababu shujaa haombi msaada. Wa tatu akasema neno letu lenyewe, mkimbizi, linamtaja mtu kwa mbio tu, halisemi alikimbia nini. Sikuwa nimeandaa mada. Nimeendesha semina nyingi za kujitambua, zenye karatasi kubwa na kalamu za rangi, na sijawahi kuona wakiongea vile.

Sitaki kusema kwamba hilo ndilo linalohalalisha ile saa. Nimeshasema saa ni yake. Lakini wale wanaosema mashairi ya kale ni anasa ya walioshiba, wafikirie kidogo: lile shairi linasimulia mtu anayelala, anaota yuko tena kwao, amemkumbatia mkubwa wake, halafu anaamka anaona ndege wa baharini na barafu. Aliyelitunga hakuwa anacheza. Sijui ni nani kati ya wasomaji wetu hajawahi kuamka hivyo, akatafuta ukuta wa nyumba ya kwao gizani akakuta ukuta wa Kampala.

Kwa nini si mashairi yetu?

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuja na hoja ya pili, na hii ni nzito kuliko ya njaa. Akasema: mwacha mila ni mtumwa. Waingereza walitawala hapa, wakawafundisha babu zetu kwamba ushairi ni wa kwao. Leo wamekwenda, na sisi kwa hiari yetu tunawatafutia wafu wao kwenye intaneti?

Hoja hii ina historia yake hapa hapa. Mwaka 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, na ubishi wa lugha ukawaka kuanzia hapo. Mwaka 1966 Okot p'Bitek akachapisha *Song of Lawino*, ambayo ilitangulia kwa Kiacholi. Mwaka 1968 pale Nairobi Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban Lo Liyong waliandika wakidai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, na fasihi ya Afrika ikae katikati. Hawakusema fasihi ya Uingereza ichomwe moto. Walikataa iwe ndiyo mlango mkuu na sisi tuwe dirisha la uani.

Nampa mzee haki yake. Kwa hiyo tulitafuta na ya kwetu. Na hapo mambo yakawa magumu, maana "ya kwetu" si neno jepesi. Kiswahili kina mashairi ya kale ya ajabu. *Utendi wa Tambuka* ulitungwa Pate mwaka 1728. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga *Al-Inkishafi* akiyatazama magofu ya Pate, nyumba za matajiri zilizobaki kwa popo na buibui. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa wosia katikati ya karne ya 19. Ila hati nyingi za kale za Kiswahili ziko wapi? Nyingine ziko Dar es Salaam, kwenye chuo kikuu, na nyingine zimebaki kwa familia za pwani. Lakini fungu kubwa liko London, SOAS, na picha zake unazitazama kwa intaneti ile ile ya saa moja. Yaani mzee akitaka mila yake kwa njia ya simu, atapita London vile vile. Hata *Swahili Tales* ya Edward Steere ya mwaka 1870, yenye habari za Liongo, tuliikuta Internet Archive kwenye rafu moja na vitabu vya Waingereza.

Na ukiipata, unakuta herufi za Kiarabu, ambazo sisi wa Bukavu na Uvira wengi hatukufundishwa, na alama moja unaweza kuisoma b au p au mb. Lugha yake ni ya Lamu na Pate. Dada alisikiliza tenzi hizo zikisomwa akasema, "Yaya, hii nayo njo Kiswahili?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi naye anahitaji kamusi kwa lugha ya mama yake.

Kuna jambo jingine ambalo Mkongomani halisemi kwa urahisi mbele ya watu wa pwani. Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya karne ya 19, ile ya pembe za ndovu na ya watumwa. Tippu Tip alikuwa na ngome yake Kasongo. Waliokuwa wakisikiliza tenzi pale pwani walihudumiwa na watu, na baadhi ya watu hao walitolewa kwetu kwa minyororo. Je, *Al-Inkishafi* ni yangu? Mimi nasema ni yangu, kwa sababu nimelipa. Babu zangu waliilipia lugha hii kwa bei ambayo hakuna risiti yake. Na kwa njia hiyo hiyo nasema *The Wanderer* naye ni wa huyu dada. Kiingereza nacho kililipiwa hapa. Mtu aliyelipa anaingia mlangoni bila kuomba radhi, na akiingia hatazami sebule tu, anatazama na yale waliyoyaficha chumbani.

Kwa hiyo nimemjibu mzee hivi: mtumwa ni yule aliyekatazwa kusoma cha kwake, na pia yule aliyekatazwa kusoma cha wengine. Aliyefungiwa ndani ya mila moja kwa amri ya mtu mwingine bado amefungwa, hata kama mila yenyewe ni ya baba yake. Mzee hakukubali yote. Alisema, "Sawa, lakini muanze nyumbani." Nafikiri ana haki ya kusema hivyo, na tumelifanyia kazi, nitaeleza.

Kitu cha bure kinashikwa na nani?

Wasiwasi wangu mwenyewe uko kwingine. Hivi vitu vya bure, ufunguo wake unashikwa na nani? Mwezi wa kumi 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia British Library ya London. Maelfu ya picha za hati za kale, zilizokuwa wazi kwa dunia nzima, hazikuweza kufunguliwa kwa muda mrefu. Kitabu chenyewe kiko salama kwenye sanduku, lakini kwa mtu wa Nsambya ni kama kimeungua. Na huku kwetu, Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaiondoa, ikaweka asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kila mahali kuna mtu anayeweza kufunga bomba.

Lakini hati hizi zina jibu la namna yake. Ile *Beowulf* imebaki kwa hati moja tu duniani, na mwaka 1731 nyumba ilimokuwemo iliungua. Mtu aliiokoa, kingo zimeliwa na moto hadi leo. Kitabu chenye *The Wanderer* kiko kwenye kanisa kuu la Exeter, alikiacha askofu Leofric aliyefariki mwaka 1072. Katika karne zilizofuata kuna watu waliokikatia vitu kwa kisu na kukiwekea kikombe juu, alama zipo. Kurasa za mwisho zimechomwa, na mojawapo ya mashairi yaliyoumia pale ni la magofu ya mji, ndugu yake *Al-Inkishafi* ingawa hawakujuana. Vitu hivi havikubaki kwa sababu wakubwa walivitunza vizuri. Vilibaki kwa sababu kuna mtu alinakili, na mwingine alibeba wakati nyumba inawaka.

Hapo ndipo naona wajibu wetu, na ndiyo sehemu ya mzee. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, wa upande wa Walikale, alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku kadhaa, ukaandikwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo ni mtoto ambaye baba yake alitaka kumuua kwa sababu amezaliwa mvulana. Anakimbilia kwa shangazi yake, anarudi na nguvu, anamfuata baba hadi kuzimu, na mwisho anampatanisha naye kiti badala ya kumwangamiza. Watu wa Walikale wako hapa Kampala, wamepanga chumba jirani na changu. Wangapi kati ya wazee wao wanajua vipande ambavyo Rureke hakuvisimulia? Hakuna aliyewauliza. Fomu zetu zinawauliza idadi ya watoto na namba ya simu.

Kwa hiyo kituoni tumekubaliana mambo mawili. La kwanza: ile safu ya daftari inayouliza kazi iliyokuleta imefutwa. Imebaki safu ya dharura tu, na anayeijaza anapita mbele. Mwenzangu bado ana wasiwasi, na nimemwahidi kwamba tukiona wenye shida kubwa wananyimwa nafasi tutalizungumza tena. La pili ni la dada mwenyewe. Anaendelea na *The Wanderer*, amefika nusu. Kila anaposhusha shairi moja la mbali, anarekodi kwa simu mzee mmoja wa hapa karibu, dakika kumi, wimbo au hadithi au majigambo, kwa lugha yoyote ile, na tunaliandika kwenye daftari lingine na kulinakili mara mbili. Nakala moja inakaa kituoni, nyingine anapewa mzee aende nayo nyumbani.

Ndugu wa mashirika, hatuombi mradi mpya wala bango lenye picha ya dada. Mkija kukagua, msiulize mashairi yamezalisha ajira ngapi. Ulizeni kama saa zinagawanywa kwa haki. Na nyinyi mnaosoma mkiwa kambini, mkiwa na simu moja kwa watu watano na chaji ya kulipia, anzeni na kilicho chepesi: maandishi matupu, shairi fupi, kamusi moja. Kama yuko bibi anayekumbuka vitu, kaeni naye kabla betri haijaisha.